Bushi za Gari Zito la Porini: Sikiliza Mlio Kwanza, Ndipo Uchague Mpira

Ukienda kununua bushi, ule mto wa mpira kwenye maungio ya chini ya gari, bila kujua ile iliyokufa ilikuwa inafanya kazi gani, utabeba seti nzima ya rangi moja, utaifunga yote, na mlio utarudi kukusalimia. Nasema hivyo kwa kuwa kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu. Gari lilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma (mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), springi za koili, winchi puani na tangi la ziada nyuma. Uzito wake ulikuwa unakaribia tani 3. Niling'oa mpira wote nikaweka poliyurethani ngumu, ile plastiki inayonepa, kila mahali. Kwenye lami gari likatulia ajabu. Porini likaanza kuning'iniza gurudumu hewani kwenye kila korongo, na siku moja nikiwa naosha chini nikaona ufa kwenye weldi ya shikio la amu (amu ni mkono wa chuma unaounganisha ekseli na fremu, shikio ni chuma kinachoishika), pale linaposhikana na ekseli. Bushi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kinapasuka ni chuma.

Bushi ya kiwandani ina bomba la chuma la ndani, ganda la chuma la nje, na mpira uliogandishwa kwenye vyote viwili. Bolti hulibana bomba la ndani lisisogee hata kidogo. Amu inapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza: mpira ndio unaosokotwa, kisha unarudi ulivyokuwa. Poliyurethani haiko hivyo. Kwa kawaida haijagandishwa kwenye chuma. Bomba la ndani linazunguka ndani yake, na ndiyo maana inataka grisi. Mpira husokotwa, poliyurethani huteleza. Karibu kila kosa la kununua au kufunga bushi linatokana na kuisahau tofauti hiyo.

Kabla hujaingia chini

Weka kabari kwenye magurudumu, na gari likiwa limeinuliwa lilale juu ya stendi, si juu ya jeki. Kama ni Defender ya zamani, ongeza tahadhari: handbreki yake inashika propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), haishiki magurudumu moja kwa moja. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inaruhusu gurudumu hilo lizunguke na gari linaweza kutembea ilhali handbreki imevutwa hadi mwisho.

Osha sehemu za chini, lakini tazama kwanza kabla ya kuosha. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka kichwa cha bolti ni ushahidi kwamba chuma kinasuguana na chuma. Ukiuosha umefuta ushahidi. Nyufa ndogo juu ya ngozi ya mpira zisikutishe sana, mpira wa umri wowote hupata mikunjo. Tafuta ufa unaozama ndani, mpira ulioachana na chuma, au bomba la ndani lililohama kutoka katikati. Kisha tumia mtaimbo: ingiza kati ya amu na shikio, sukuma taratibu. Mpira mzima unanepa na kurudi. Uliokufa unakubali kwenda halafu unagonga.

Mdundo mmoja unapoondoka, mwingine unapofunga breki

Mdundo mzito, mara moja tu kila unapobadilisha mwelekeo wa nguvu, mara nyingi unatoka kwenye bushi zinazozuia ekseli isiende mbele na nyuma. Mbele ni zile za amu ndefu zinazotoka kwenye ekseli kwenda kwenye fremu. Nyuma ni za amu za kuburuta.

Usiamini sikio peke yake. Krosi (jointi ya msalaba) ya propela iliyochakaa nayo hulia unapoondoka, ila mlio wake ni wa chuma kikavu, unasikika hata ukigusa mafuta kidogo tu. Kabari magurudumu, weka gia huru, zungusha propela kwa mkono huku na huku: mchezo wa krosi utauona. Mauntingi ya injini iliyokatika nayo hutoa mdundo, lakini ukifungua boneti utaona injini ikiruka. Ukishaondoa hayo mawili, mwambie mwenzako asogeze gari nusu mita mbele na nyuma kwenye eneo tambarare, akifunga breki kila mara, nawe ukitazama kutoka pembeni, mbali na njia ya magurudumu. Ekseli inayohama ndani ya tao la bodi inaonekana kwa macho.

Usukani unahitaji kusahihishwa kila wakati

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu sababu ni nyingi na zinafichana. Acha gari likae juu ya matairi yake, gia huru, kabari zimewekwa, injini ikiunguruma ili pawa ya usukani ifanye kazi. Mwenzako azungushe usukani kidogo, kushoto, kulia, bila kupumzika. Wewe tazama panadi rodi, ile fimbo ya mshazari inayoishika ekseli isihame kushoto wala kulia. Ncha moja iko kwenye fremu, nyingine kwenye ekseli. Weka kidole kwenye maungio, nusu juu ya fimbo, nusu juu ya shikio. Kidole kitakwambia kabla ya jicho.

Mpira unaojikunja kidogo ni wa kawaida. Bomba la ndani likitembea pamoja na bolti ndani ya shikio, tatizo si bushi tena: tundu la shikio limekuwa yai. Watu hubadilisha bushi tatu mfululizo hapo na kumlaumu aliyeziuza. Tundu lililotanuka huchomelewa bamba au washa nene yenye kipimo sahihi, au shikio lote hubadilishwa, na bolti mpya yenye sehemu laini isiyo na nyuzi inayojaza tundu. Bolti yenye nyuzi hadi shingoni hufanya kazi ya tupa. Usipoziba ufa huo mapema, kweli utajenga ukuta, maana shikio la fremu likichanika kazi inakuwa ya mchomeleaji stadi.

Wakati mwenzako bado anazungusha, pitia tairodi endi na boljointi za usukani, yale maungio ya fimbo zinazogeuza magurudumu. Zikiwa salama zote na gari bado linatangatanga, uliza swali moja: limeinuliwa?

Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele linauzungukia. Uma wa mbele wa baiskeli umeinama kwa sababu hiyo hiyo: unalifanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja. Kwenye gari lenye amu za mbele zilizofungwa imara kwenye ekseli, ukiinua fremu unaizungusha na ekseli yenyewe. Hesabu ni rahisi. Amu ya urefu wa mita 1, ikiinuliwa upande wa fremu kwa milimita 50, inabadilika mwinamo karibu digrii 2.9. Gari ambalo kasta yake ya kiwandani ni digrii chache tu linabaki na karibu sifuri. Bushi mpya za kawaida, ziwe nzuri kiasi gani, hazitakurudishia digrii hizo.

Zipo bushi ambazo tundu lake limesogezwa kando ili kuizungusha ekseli irudi. Zinafaa kwa mwinuo mdogo. Lakini zina gharama mbili ambazo sanduku halizitaji. Upande mmoja wa tundu nyama inabaki nyembamba, hivyo bushi huchoka mapema. Pili, unaporudisha kasta unaielekeza pua ya difu ya mbele chini, pembe ya propela inakuwa kali, na mtetemo mpya unaweza kuzaliwa. Kwa mwinuo mkubwa ni afadhali amu zilizotengenezwa na pembe iliyosahihishwa, huku bushi zikibaki za kawaida.

Usukani unatikisika kwa nguvu ukigonga shimo

Huu ni mtetemo unaoanza ghafla, mara nyingi ukiwa kwenye mwendo wa kati, na hauachi hadi upunguze mwendo karibu kusimama. Shika usukani kwa uthabiti, ondoa mguu kwenye mafuta, usifunge breki kwa pupa.

Mwenye haraka hununua shokapu ya usukani, kifaa cha kutuliza mtikisiko. Mtetemo unapotea wiki kadhaa, halafu unarudi na nguvu mpya, kwa sababu shokapu hiyo ilikuwa blanketi juu ya ugonjwa. Mimi huanza na vya bei nafuu: upepo na balansi ya matairi, kisha beringi za magurudumu, kisha ukazaji wa vitovu vya usukani kwenye ekseli (pale gurudumu linapogeukia), kisha panadi rodi, ncha zote mbili, na mwisho bushi za amu za mbele. Mara nyingi utakuta mbili kati ya hizo zimelegea kidogo kila moja. Peke yake hakuna ambayo ingetosha kuleta fujo ile.

Nyuma inajielekeza yenyewe

Ukikanyaga mafuta gari linavuta upande mmoja, ukiachia linarudi upande wa pili, na usukani hujaugusa. Ekseli ya nyuma inageuka kidogo chini ya gari kwa kuwa bushi ya amu ya upande mmoja imelegea kuliko nyingine. Kwenye springi za majani tafuta bushi za jicho la mbele la springi, lile lisilo na shakeli (kiungo kinachobembea), maana ndilo linaloshika ekseli mahali pake. Angalia pia bolti za U. Zikilegea, ekseli inahama juu ya springi na unaweza kubadilisha bushi zote bure.

Tairi linaliwa upande wa ndani

Hii ni dalili ya magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake, na mshukiwa wa kwanza ni bushi ya nyuma ya amu ya chini. Baadhi ya hizi zina umajimaji ndani. Zikichanika huacha doa la unyevu mweusi, na watu hulidhani ni mafuta ya injini. Usiende kupima alaimenti (mielekeo ya magurudumu) kabla ya kuibadilisha. Kipimo kitatoka kizuri gari likiwa limesimama na kitapotea ukifunga breki ya kwanza.

Kagua pia umenunua za gari lipi. Land Cruiser 100 na 105 zinafanana sana kwa bodi, lakini 100 ina magurudumu ya mbele yanayojitegemea na 105 ina ekseli nzima. Patrol Y61 ina ekseli nzima mbele na nyuma, Y62 inajitegemea pande zote. Jina la gari pekee halimtoshi muuzaji. Mpe namba ya chasisi.

Kelele ya kusaga, kama kitanda cha zamani

Nyunyizia maji kwenye bushi moja moja na utikise gari baada ya kila moja. Kelele ikinyamaza, umempata. Poliyurethani inayolia imekauka: ifungue, isafishe, ipake grisi ya silikoni, ifunge. Mpira wa kiwandani ukilia usiupake grisi. Mpira asilia hufura na kulainika ukikutana na mafuta ya petroli au grisi ya kawaida, kwa hiyo kelele itaisha leo na bushi itakufa baadaye. Mpira uliogandishwa unaolia tayari umeachana na chuma chake. Badilisha.

Bushi mpya imekufa kabla ya wakati

Kosa namba moja, na hata mafundi wazoefu hulifanya: kukaza bolti gari likiwa linaning'inia. Kumbuka mpira husokotwa. Ukilibana bomba lake amu ikiwa imeshuka hadi mwisho, hapo ndipo panakuwa sifuri yake. Ukishusha gari, mpira tayari umesokotwa kabla safari haijaanza, na kila shimo linausokota zaidi. Ingiza bolti zote kwa mkono, shusha gari juu ya magurudumu yake, litikise likae, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Na gari linalobeba mzigo daima likazwe likiwa na mzigo wake. Kwa poliyurethani inayoteleza jambo hili halina uzito huo, na pengine ndiyo maana waliozoea poliyurethani hulipuuza wanaporudi kwenye mpira.

Kosa la pili ni mwelekeo. Bushi nyingi za mpira zina mapengo yaliyoachwa makusudi ili ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Kuna alama kwenye ganda, mshale au nukta, inayolingana na alama kwenye amu. Kabla ya kuitoa ya zamani, ichore au ipige picha. Ukiifunga kando, ulaini unakuwa mahali panapotaka ugumu.

Kosa la tatu ni kupiga nyundo. Bushi huingizwa kwa presi, na nguvu lazima ipite kwenye ganda la nje. Ukisukuma bomba la ndani unauchana mpira kabla haujaingia. Kipande cha bomba chenye kipenyo cha ganda kinatosha kuwa kifaa. Safisha kutu ndani ya tundu, lainisha ukingo kwa tupa, paka maji ya sabuni. Ganda la zamani likigoma, likate kwa msumeno wa chuma kwa ndani, polepole, uache kabla ya kugusa amu. Kuchoma mpira kwa moto kunafanyika sana. Mimi nimeacha, moshi wake ni sumu, na sipendi kupasha moto amu inayobeba gari zima.

Ukiacha makosa ya fundi, tazama juu ya bushi. Oili inayovuja kutoka kwenye injini au difu ikidondokea mpira, utabadilisha kila msimu hadi uzibe mvujo.

Basi uweke ipi?

Swali langu kwa kila mahali ni moja: hapa maungio yanahitaji kujipinda pande zote, au yanahitaji tu kuzunguka bila kuhama?

Amu za mbele za Defender, Land Cruiser 80 na Patrol Y61 zina bushi mbili kwenye ekseli na moja kwenye fremu. Gurudumu la kushoto likipanda na la kulia likishuka, amu mbili zinataka kuisokota ekseli kwa njia zinazopingana, na ekseli haisokotwi. Kinachokubali ni mpira tu. Hapo ndipo niliposulubisha gari langu. Kwa gari la porini, weka mpira wa kiwandani au unaolingana nao kwa ubora, hata kama gari ni zito. Ukitaka poliyurethani kwa sababu ya uzito, chagua laini, na ukubali kwamba magurudumu hayatajinyoosha kama zamani.

Panadi rodi ni kinyume. Kazi yake ni kuzuia kuhama, na kujipinda kwake ni kudogo. Poliyurethani yenye ugumu wa kati hufanya vizuri hapo, na usukani unakuwa na adabu. Vivyo hivyo kwa stabilaiza, fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Kwenye springi za majani, poliyurethani ya vipande viwili ina faida nyingine: huhitaji presi, unasukuma nusu moja kila upande. Ila itake grisi mara kwa mara, hasa ukivuka maji na tope. Malori makubwa hutumia bushi za chuma au shaba zenye nipeli ya grisi. Zinabeba sana, lakini zisipopakwa grisi zinajila zenyewe na pini yake.

Amu za nyuma ziko katikati. Mzigo mzito daima na barabara ya vumbi yenye mawimbi: mpira mgumu kidogo. Kupanda miamba: mpira laini.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A, namba kubwa ikiwa ni ugumu zaidi. Mipira mingi ya kiwandani huwa kati ya 50 na 70, poliyurethani za magari mara nyingi kati ya 70 na 95. Uliza namba, usiulize rangi. Nyekundu ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa laini kuliko ya manjano ya mwingine; hakuna sheria inayowafunga. Mpira wa bei ya chini mno nao una alama yake: bomba la ndani jepesi linalobonyea unapokaza, na mstari wa gundi usio sawa mpira unapokutana na chuma. Ukiubinya kwa kucha na ukabaki na alama, uache dukani.

Ukibadilisha, badilisha kushoto na kulia pamoja, na bolti zenye kutu au zilizoliwa zisirudi. Ekseli ikigoma kulingana na matundu, usiipige. Ivute kwa mkanda wa kufungia mizigo, itakuja milimita kwa milimita. Kisha chora mstari wa rangi unaovuka kila nati hadi kwenye shikio na upime alaimenti. Baada ya kilomita 500 hivi ingia tena chini na tochi. Nati ambayo mstari wake umekatika irudishe kwenye torki, gari likiwa juu ya magurudumu yake.